Jenga Ukuta Kwenye Dari: Neno kwa Wazazi, Walimu na Wanafunzi Kuhusu Mitihani ya Mtandaoni



Wiki hii wazazi kadhaa wa kanisa letu wameniandikia, na karibu wote wanauliza jambo moja. Mama mmoja ameandika hivi: "Pastor, binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni. Mitihani mingine anafanyia kwa simu akiwa kitandani. Anasema darasa lote linatumiana majibu kwenye WhatsApp, na yeye akikataa anabaki nyuma. Nimwambie nini?"

Mama huyu anastahili jibu kubwa kuliko "mwambie aombe". Kuomba ataomba. Lakini kuna kazi nyingine ambayo Mungu ametuwekea mikononi, na leo nataka tuitazame pamoja. Chukua Biblia yako, keti, usome polepole. Leo ni ndefu kidogo.

Neno letu liko Kumbukumbu la Torati 22:8. Lisome mwenyewe. Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mfupi kuzunguka dari, ili mtu asije akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba za wakati ule zilikuwa na dari bapa, na watu walipanda huko. Rahabu alitandaza kitani darini. Petro alipanda darini kuomba. Yaani dari haikuwa mahali pa dhambi. Ilikuwa mahali pa kawaida pa maisha, lakini penye ukingo.

Sasa angalia kwa makini. Mungu hakumwambia mwenye nyumba asimame chini uani apige kelele, "Jamani, msianguke!" Alimwambia ajenge ukuta. Anayeanguka kwa uzembe wake ana lake la kujibu, lakini na mjenzi naye ataulizwa: ukuta wako uko wapi?

Wapendwa, mtihani wa mtandaoni ni dari mpya. Si dhambi. Ni baraka kwa mama anayesoma usiku watoto wakilala, na kwa kijana wa Lodwar anayesoma chuo kilicho Nairobi. Lakini tumewapandisha watoto wetu juu ya dari hiyo, na wengi wetu tumesimama chini tukipiga kelele.

Nilichokiona darasani

Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya kuitwa katika huduma nilikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari kwa miaka kumi na moja. Mwakenya naijua. Nimeiona ndani ya soksi, nimeiona imeandikwa pajani chini ya sketi ya shule, nimeiona imekunjwa ndani ya kalamu ya Biro iliyotolewa wino. Kuna kijana aliyeandika fomula zote za trigonometria kwenye rula, kwa herufi ndogo hata mimi nilihitaji miwani. Nilimwambia, "Kijana, muda uliotumia kuandika hivi ungetosha kuzielewa."

Jambo moja nilijifunza miaka ile: wanafunzi wengi wanaoiba mtihani si wezi kwa tabia. Ni waoga. Mmoja anaogopa baba yake. Mwingine anaogopa kurudishwa nyumbani. Wa tatu ameona wenzake wakiiba na kupongezwa, naye anajiona mjinga akibaki peke yake.

Hata watafiti wameliona hili. Huko Marekani alikuwako profesa anayeitwa Donald McCabe wa Chuo Kikuu cha Rutgers, ambaye kwa miaka mingi aliwahoji wanafunzi wa vyuo kuhusu udanganyifu. Aliona kwamba kitu chenye nguvu sana katika kumfanya mwanafunzi aibe au asiibe ni kile anachowaona wenzake wakifanya. Mpendwa, Paulo alikwisha kutuonya juu ya mazungumzo mabaya na tabia njema, 1 Wakorintho 15:33.

Kontena haliwezi kufunga intaneti

Mnakumbuka mwaka 2015? Matokeo ya KCSE ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu, na mwaka huohuo watahiniwa zaidi ya 2,600 walikuwa wamepata A. Mwaka 2016 ukuta ukajengwa. Karatasi zikafungiwa kwenye makontena, walimu wakuu wakabebeshwa jukumu la kuzichukua wenyewe asubuhi, ulinzi ukaongezwa. Waliopata A mwaka huo walikuwa 141. Sisemi kila A iliyokosekana ilikuwa ya wizi. Nasema ukuta ulifanya kazi.

Na kuna kitu kimoja cha mwaka ule ambacho sisi wachungaji hatupendi kukikumbuka. Serikali ilipiga marufuku hata siku za maombi shuleni katika muhula wa tatu, kwa hofu kwamba wageni wanaokuja kuwaombea watahiniwa wangepitisha vitu vingine. Wachungaji wengi walinung'unika. Mimi nilijiuliza: tumefikaje mahali ambapo maombi yanashukiwa kuwa njia ya kupitishia majibu?

Lakini kontena linafunga karatasi. Haliwezi kufunga intaneti. Shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo mengi ya vyuo yalihamia mtandaoni, na mitihani ikafuata. Mwanafunzi ana simu ya kufanyia mtihani mkono mmoja, na simu ya pili mkono wa pili. Leo kuna programu za akili unde kama ChatGPT zinazojibu swali kabla hujamaliza kulisoma. Utaweka kufuli wapi?

Wengine wamejibu: tuweke kamera. Mwanafunzi ajirekodi, azungushe kamera chumbani, programu imtazame macho. Kamera ina nafasi yake katika mitihani mikubwa, lakini isiwe ukuta wetu wa kwanza. Mwaka 2022 mahakama moja ya shirikisho katika jimbo la Ohio iliamua kwamba chuo kikuu cha umma kilivunja haki ya mwanafunzi kwa kumtaka aonyeshe chumba chake cha kulala kwa kamera kabla ya mtihani. Wanafunzi weusi huko ng'ambo wamelalamika kwamba programu hizo zinashindwa kuona nyuso zao. Na hapa kwetu, mtoto anayeishi chumba kimoja na ndugu wanne, mama akipika pembeni, kamera itamwona kama mwizi kila dakika. Bando lenyewe litakwisha katikati ya swali la tatu.

Ukuta unajengwa ndani ya swali

Nawafundisha viongozi wa kanisa darasa la jioni kwa mtandao, wanafunzi thelathini na wanne kutoka kaunti saba. Kila wiki wana jaribio fupi kwa simu. Siku moja watu watatu, mmoja Kitale, mmoja Voi, mmoja Kayole, walikosea swali lilelile kwa jibu lilelile, na jina la mji limekosewa herufi ileile. Roho Mtakatifu hakuhitaji kunifunulia. Nilicheka kwanza, kisha nikakaa chini kama mjenzi. Walimu wa kanisa hili, pokeeni haya niliyoyafanya, mbadilishe mnavyoweza.

Kwanza, usitoe maswali kumi yaleyale kwa kila mtu. Andika arobaini, kisha programu imchagulie kila mwanafunzi kumi kwa bahati nasibu na kuchanganya mpangilio. Ni kazi ya likizo moja, na itakutumikia miaka. Anayetuma "jibu la 4 ni C" kwenye kundi hatamsaidia mtu.

Pili, wote wafanye ndani ya kipindi kimoja, na majibu sahihi yasionekane hadi mtu wa mwisho amalize. Muda uwatoshe waliosoma, lakini usimtoshe anayeanza kutafuta kila kitu upya. Usibane kupita kiasi, maana mwenye simu mbovu ataumia pamoja na mwizi.

Tatu, uliza swali ambalo kitabu kikiwa wazi bado mtu atalazimika kufikiri. Ukiuliza, "Taja safari za Paulo," simu itakujibu. Ukiuliza, "Chukua ugomvi mmoja uliotokea katika kanisa lako, uutatue kwa mfano wa Matendo 15," mtu wa Kitale na mtu wa Voi hawawezi kuandika kitu kimoja. Siku hizi nawaruhusu wafungue Biblia na daftari. Kitu ulichokiruhusu hakiwezi kuibwa.

Nne, zungumza nao. Baada ya jaribio nampigia simu mwanafunzi mmoja au wawili, dakika tano tu: "Ndugu, hapa umeandika vizuri, hebu nieleze ulimaanisha nini." Aliyeandika mwenyewe anafurahi kuulizwa. Asiyeandika anaanza kukohoa. Hili si jambo geni. Danieli na wenzake walisoma miaka mitatu Babeli, na mwisho wake mfalme mwenyewe alizungumza nao ana kwa ana, Danieli 1:18-20. Nebukadneza hakuhitaji kamera.

Tano, punguza uzito. Mtihani mmoja wa alama mia unamtia mtu wazimu. Majaribio kumi ya alama kumi, na lile alilofanya vibaya zaidi linaachwa, yanamwondolea hofu. Na stima ikipotea au bando likiisha, kuwe na nafasi ya pili iliyotangazwa mapema, ili asilazimike kuomba mwenzake amjazie.

Sita, sema wazi. Je, kusoma pamoja kunaruhusiwa? Akili unde inaruhusiwa kukagua sarufi? Wengi huanguka kwa sababu hakuna aliyewaonyesha ukingo uko wapi.

Ona, hakuna hata moja kati ya haya linalomwita mwanafunzi mwizi. Ukuta wa dari haumtukani mgeni wako. Unamwambia: nilikufikiria kabla hujafika.

Aya ukutani haitoshi

Kuna mtu atasema, "Pastor, si tuandike tu Amri Kumi juu ya mtihani?" Nikwambie kitu. Mwaka 2008 watafiti watatu, Nina Mazar, On Amir na Dan Ariely, walichapisha jaribio lililosema kwamba watu waliokumbushwa Amri Kumi kabla ya mtihani walidanganya kidogo zaidi kuliko wengine. Wahubiri wengi tulifurahi. Lakini mwaka 2018 maabara nyingi za nchi mbalimbali zilirudia jaribio hilo kwa maelfu ya watu, na hazikuona tofauti hiyo.

Hilo halikunitikisa imani. Mungu hakusema amri zake zibandikwe mlangoni peke yake. Katika Kumbukumbu la Torati 6 alisema kwanza ziwe moyoni, na watoto wafundishwe tukiketi nyumbani, tukitembea njiani, tukilala na tukiamka. Miimo ya mlango ilikuja mwisho. Amri isiyozungumzwa mezani siku 364, haitamwokoa mtoto siku ya mtihani.

Kijana na bahasha

Sasa nije kwenye lile linaloniuma. Tunaongea kana kwamba wizi huu unafanyika mbali. Sehemu kubwa ya soko lake iko hapa kwetu. Vijana wa Kenya, wenye akili, wengi wana digrii na hawana kazi, wanaandika insha na kufanya mitihani ya mtandaoni kwa niaba ya wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia. Dunia inajua. Profesa Patricia Kingori wa Oxford, aliyezaliwa Kenya, anaonekana katika filamu ya 2024, *The Shadow Scholars*, inayowahusu vijana hawa. Ireland ilitunga sheria dhidi ya biashara hii mwaka 2019, Australia 2020, Uingereza kwa upande wa England 2022. Sheria zao zinafika mipaka yao. Vyumba vya kukodisha vya vijana wetu viko upande huu.

Kijana mmoja aliniletea bahasha ya fungu la kumi, nono kuliko kawaida. Nikamuuliza kama baba, "Mungu amekufungulia wapi?" Hakunificha. Alikuwa amemfanyia mwanafunzi wa ng'ambo somo zima: majaribio ya kila wiki na mtihani wa mwisho, akiingia kwa akaunti ya yule mtu. Kwa pesa hiyo alikuwa amelipia wadogo zake wawili karo.

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni mizani ya udanganyifu. Mithali 11:1."

Akasema, "Pastor, kwani ni nani ananidai? Yeye amelipa, mimi nimefanya kazi. Hesabu zote nilizipata."

"Zilikuwa hesabu za nini?"

"Za dawa. Anasomea uuguzi."

Wapendwa, ualimu ukaniamka. Nikachukua karatasi. Nikaandika: mtoto wa kilo 12, dawa miligramu 15 kwa kila kilo. Akajibu kabla sijaweka kalamu chini: 180. Nikamwambia, "Wewe unajua. Sasa yule mwenye cheti atasimama wodini usiku, mtoto anachemka homa, daktari yuko mbali, na ile 180 iko kichwani mwako hapa Kenya. Nani anadaiwa? Anadaiwa yule mtoto."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Na wadogo zangu, Pastor?"

Sikumjibu kwa aya. Bahasha nilimrudishia, na siku hiyohiyo niliwapigia simu wazee wawili wa kanisa. Tulimtafutia wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne wa kuwafundisha hesabu jioni. Anapata kama theluthi moja ya alichokuwa akipata. Mwezi uliopita kodi ya nyumba ilichelewa. Sitawaambia kwamba amefunguliwa milango ya ajabu, maana bado. Lakini kanisa linalomwambia kijana "acha" na halimuulizi atakula nini, linapiga kelele chini ya dari. Karo ya mdogo wake mmoja imelipwa na akina mama wa ushirika wa Jumatano. Huo nao ni ukuta.

Neno kwa kila mmoja

Mzazi, usimuulize mtoto swali moja tu, "Umepata ngapi?" Muulize, "Umejifunza nini? Hebu nieleze." Mtoto anayejua kwamba D ya kweli haitamfukuza nyumbani hana haja ya kununua A. Na usimfanyie wewe kazi yake ya nyumbani halafu ukamtuma Jumapili kukariri Kutoka 20.

Mwalimu, tunga mtihani kana kwamba mtoto wako mwenyewe atapanda dari hiyo akiwa amechoka, peke yake, saa tano usiku.

Binti yangu wa mwaka wa pili, na wenzako mnaosoma haya kwa siri: toka kwenye kundi lile la majibu. Toka kabla ya mtihani, kimyakimya, usitoe hotuba. Tafuta hata mmoja wa kusoma naye kwa haki, maana tuliona kwamba mtu hufuata anachokiona, na huenda kuna mwingine anayengoja kumwona wa kwanza. Kisha mwende kwa mhadhiri mkiwa wawili, msitaje majina ya watu, mwambieni: "Mwalimu, maswali ya kila mtu yakiwa tofauti itatusaidia." Utabaki nyuma kwa alama? Inawezekana, muhula huu. Luka 16:10 inasema juu ya uaminifu katika kidogo, na haikuahidi kwamba kidogo hicho hakitauma.

Na wewe uliyelipa mtu akufanyie mtihani, fahamu kwamba umempa mtu usiyemjua jina lako, akaunti yako na siri yako. Wengine wamerudiwa baadaye na vitisho: lipa tena, au chuo kitajua. Rudi mapema. Afadhali kurudia somo moja kuliko kuishi chini ya deni lisilokwisha.

Tuombe.

Baba, katika jina la Yesu, tunawaleta mbele zako watoto wetu wanaofanya mitihani wiki hii, shuleni, chuoni na kwenye simu nyumbani. Waondolee hofu inayowasukuma ukingoni. Wape walimu wetu subira ya kujenga. Wape wazazi masikio. Uwakumbuke vijana wanaouza akili zao gizani kwa sababu mchana haukuwapa kazi, nasi utupe mikono ya kuwafungulia mlango. Na mgonjwa atakayelala kitandani miaka kumi ijayo, akutane na muuguzi aliyesoma kweli. Amina.

Kama wewe ni mwalimu na unahitaji msaada wa kupanga maswali yako, njoo Alhamisi saa kumi na moja jioni pale ofisini kwa kanisa, uje na simu yako, tutaketi tufanye pamoja. Kama wewe ni kijana mwenye bahasha, njoo siku yoyote. Sitauliza mbele ya watu.

Mbarikiwe.